Nzi Mbele ya Chungwa

Mwalimu Jofrey, aliyepokea funguo za maabara kutoka kwangu, ameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kufundisha fizikia hapa Tunduma, ili yeye na wenzake wapate pa kushika. Nimekubali, ila madaraja na mishahara sitayagusa. Hayo yamo kwenye jalada langu, na jalada lenyewe sijui liko kabati gani. Nitaandika juu ya nyota moja na mzee mmoja, kwa sababu nikifumba macho na kujiuliza nilikuwa nafanya nini miaka yote ile, hao ndio wanaokuja.

Siku ya kwanza nilipanda kilima cha shule na viatu vipya vilivyonibana. Nilikuwa nimetoka nyumbani Isansa alfajiri, begani nimebeba maharage aliyonifungia mama, ambaye hakuamini kwamba mjini kuna chakula. Mkuu wa shule alinielekeza maabara kwa kidole. Ndani nilimkuta mwanamume amepiga magoti sakafuni, koti limejaa vumbi la chaki, anafunga rimu ya baiskeli kwenye kipande cha mbao. Hakuniuliza jina.

"Shika hapa," akasema. "Ukiachia itaturukia usoni."

Nikashika. Yeye akigongomea misumari, mimi na maharage yangu begani. Alipomaliza aliizungusha ile rimu, ikazunguka kimya, naye akaitazama mpaka iliposimama yenyewe. Ndipo akasema karibu. Baadaye nilielewa kwamba yale ndiyo yalikuwa mahojiano yangu.

Huyo alikuwa Mwalimu Kibona, mtu wa Ikinga, kule milima ya Ileje. Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama barabara ya kwao, na wanafunzi walimwigiza vizuri kuliko walivyowahi kujibu swali lolote la nishati. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye meza sita na kabati moja. Vingine vyote vilitoka mikononi mwake: springi za viti vya malori, lenzi za tochi zilizokufa, vikombe vya plastiki alivyovitoboa kwa msumari wa moto. Alikuwa akishuka gereji na kurudi na mfuko wa vyuma, mafundi wakimtania kwamba mshahara wake unalipwa kwa skrepa.

Kitu kimoja alichonifundisha mwaka ule wa kwanza nakiweka hapa mapema, maana kitarudi. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amepima muda wa pendulamu, akakosa vipimo viwili kwa kuwa alikuwa anacheka na mwenzake. Akavijaza kwa kukadiria. Grafu yake ilitoka nzuri kuliko zote.

"Hapa uliona?" Mwalimu Kibona alimuuliza.

"Sikuona, Mwalimu. Nilikadiria."

"Acha wazi."

"Itakuwa na pengo, Mwalimu."

"Pengo nalo ni jibu. Linasema hapa hatukutazama."

Yule binti alifuta huku amenuna. Mimi, mwenye cheti changu kipya, nilikumbuka grafu zangu zote za chuo, zisizo na pengo hata moja.

Wakati ule, chini ya kilima chetu, ng'ambo ya barabara ya malori, kulikuwa na duka la vipuri lenye taa moja kali. Wanafunzi wa bweni walipokuwa kwenye masomo ya jioni, Mwalimu Kibona aliwatoa nje, akawaambia watazame taa tu. Lori likipita, taa inazibwa. Likimaliza kupita, taa inarudi.

"Tuseme lori hamlioni kabisa," akasema. "Mnaona taa tu. Niambieni habari za lori."

"Ni refu," akasema mmoja. "Taa imekaa imezibwa muda."

"Au ni fupi, linatambaa," akasema mwingine.

"Linatambaa," akasema wa nyuma. "Tangu lini Tunduma kukawa na lori linalokimbia?"

Walicheka, na yeye akacheka nao. Sikujua kuwa somo lile lilikuwa linasubiri darubini.

Darubini ilitujia kwa njia ya kimpakani. Kwenye maghala ya hapa mizigo hukaa, wenyewe wakasahau au wakafa au wakabadili mawazo, na ile isiyochukuliwa hatimaye hugawiwa. Shule yetu ikapata magodoro na sanduku moja refu lililokuwa safarini kwenda nchi nyingine kabisa. Mkuu wa shule alilipokea akidhani ni pampu ya maji, na tulipolifungua alihuzunika waziwazi, maana kisima chetu kilikuwa kinamsumbua. Mwalimu Kibona alikaa chini. Ndani ya sanduku kulikuwa na bomba jeupe, kioo chake kikiwa kizima, na miguu mitatu yenye mota ndogo ya kufuata mzunguko wa dunia. Mota tuliiendesha kwa betri ya pikipiki.

Mwaka mzima tuliangalia mwezi na pete za Zohali kama watu wote wenye darubini mpya. Kisha siku moja, wakati wa chai ya saa nne, alinionyesha kitu alichokuwa amekisoma kwenye simu yake. Kuna nyota, akasema, ndogo kuliko jua letu na yenye joto pungufu, rangi yake ya chungwa. Wataalamu huziita nyota za namna hiyo vibete. Jina lake ni herufi na tarakimu ndefu kama namba ya kontena. Inazungukwa na sayari kubwa mno, kubwa kama Mshtarii, lakini iliyosogea karibu na nyota yake kama mtu anayeota moto. Sayari hiyo haionekani kwa darubini yoyote ya kwetu. Ila kila inapopita mbele ya nyota, mwanga wa nyota unapungua kidogo, sehemu mbili hivi katika mia, kisha unarudi.

"Lori mbele ya taa," nikasema.

"Lori dogo sana, taa iko mbali sana," akasema. "Madam, nadhani tunaweza."

Sayari ile humaliza mwaka wake kwa siku mbili na kitu. Dereva akikwama kwenye foleni ya mpaka juma moja, yenyewe imeongeza miaka mitatu. Tulipowaeleza wanafunzi, mmoja wao alisema basi si lori, ni nzi anayezunguka chungwa sokoni. Kuanzia hapo hatukuwaita kwa jina jingine. Nzi mwenyewe angeweza kuzimeza dunia zaidi ya elfu, lakini jina likishashika halibanduki.

Mtauliza, kama nilivyouliza mimi, kulikuwa na haja gani. Wenye darubini kubwa walikwisha kumpima Nzi zamani, wakajua uzito wake na upepo wake. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Hata watoto wa watu wengine wanajulikana walivyoanza kutembea. Wako akianza, huangalii?"

Sasa kazi yenyewe. Jicho haliwezi kuona upungufu mdogo namna ile, kwa hiyo tulihitaji kamera. Mjini alikuwepo kijana mpiga picha za harusi, Baraka, mwenye kamera nzuri. Tulimwendea.

"Mwalimu," akasema, "mimi napiga bibi harusi, wewe unataka kupiga giza."

"Giza lina nyota."

"Bibi harusi ana shangazi zake. Kamera ikiharibika, wewe ndiye utakayewaeleza."

Akatukubalia, isipokuwa Jumamosi. Nzi naye hakujua habari za Jumamosi, na mara kadhaa alichagua siku hiyo hiyo kupita.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba picha za kupimia mwanga hupigwa kwa ukungu. Unaiharibu picha makusudi mpaka nyota itanuke kama tone la maziwa. Mwanga ukisambaa hivyo, kamera huuhesabu vizuri zaidi kuliko ukirundikana mahali pamoja. Baraka aliposikia hayo alishika kichwa. Kisha kila picha unaipima nyota yako pamoja na nyota jirani isiyobadilika. Zikififia zote mbili, ni hewa au moshi. Ikififia yako peke yake, kuna mtu kapita mbele yake.

Chungwa tunalipata vizuri jioni za kiangazi, upande wa kaskazini, baridi inapopungua mpaka mvua za kwanza. Nzi anapita mara nyingi, lakini mapito mengi huangukia mchana wetu, au nyota ikiwa imeshazama. Yale yanayoanza giza likishaingia na kumalizika nyota ikiwa bado juu ni machache. Mkiyapata, muombe na anga iwe safi.

Jaribio letu la kwanza anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Tulielekeza darubini giza lilipoingia, tukakaa kusubiri wakati, kamera tumeizima kwa sababu Baraka alikuwa na betri moja tu. Mwalimu Kibona alishika simu yake, anaangalia saa. Wanafunzi walikuwa wamejifunika blanketi za bweni. Mzee Simbeye, mlinzi wetu, alikuwa kwenye kibanda chake na redio. Na redio ikaanza kusoma taarifa ya habari ya saa mbili.

Mwalimu Kibona aliangalia simu. Simu ilisema saa moja.

Ninyi mnaoishi hapa mmeshaelewa. Ukikaa upande ule wa kilima, simu hushika mnara wa Zambia, na saa yake hurudi nyuma saa nzima bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana mtu wa Tunduma ukimwambia saa tatu anakuuliza, "Ya kwetu au ya ng'ambo?" Wauza nyanya wanauliza. Watoto wa shule ya msingi wanauliza. Mwalimu Kibona, aliyekuwa akimrudisha mwanafunzi kwa kusahau kuandika sentimita, hakuiuliza simu yake, wala sisi hatukuiuliza.

"Mwalimu," Mzee Simbeye akasema kutoka kibandani, "leo umelala Zambia?"

Tuliwasha kamera kwa kugombaniana. Tulipiga mpaka betri ikafa. Kesho yake nilizijumlisha picha zile kwenye kompyuta ya ofisi, na mstari ukatokea: umelala chini, umelala, kisha ukapanda taratibu na kutulia juu. Nilipiga meza. Nilitaka kuubandika ukutani.

"Labda ni yeye," Mwalimu Kibona akasema.

"Labda? Mwalimu, mstari umepanda."

"Mwisho wa zile picha kuna vivuli, jirani amepimwa vibaya. Nusu ya jambo ni uvumi, Madam." Aliuangalia ule mstari muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemesha, "Mgeni uliyemwona mgongo tu, huwezi kusema umempokea."

Alitaka kumwona akiingia na akitoka, katika jioni moja, bila shaka yoyote. Hicho tu. Sijui kama nimewahi kumwona mtu mzima akitaka kitu kidogo kiasi kile kwa nguvu kiasi kile. Na hamu inaambukiza. Nilianza kuitazama anga ninapoanua nguo, ninapotoka kanisani, ninapomsindikiza mgeni kituoni. Nilikuwa na mume wakati ule, Mungu amrehemu, akawa ananiuliza kama huko juu kuna ndugu yangu.

Miaka ikapita kwa namna hiyo. Kuna kiangazi kilicholiwa na moshi, wakulima wakichoma mashamba milima yote mpaka nyota zikawa nyekundu kama zina homa. Kuna mwaka mota ilikufa, na fundi wa redio akaichonga gia yake upya kwa subira ambayo sijaisahau. Kuna jioni tulimwona Nzi akiingia, mstari ukishuka vizuri kabisa, kisha wingu likatoka upande wa Ileje na kukaa. Siku ile Mwalimu Kibona alisema, "Sasa tuna uso wake na mgongo wake, wa siku mbili tofauti," akacheka, lakini alikunja nyaya bila kuongea na mtu.

Macho yake yalianza kufifia pembeni. Alikuwa akigonga fremu ya mlango kwa bega, akilaumu mlango. Aliacha kuwaona wanafunzi wanaonyoosha mikono kwenye madawati ya kando, na wenyewe, kwa hiari yao, wakaanza kuja kukaa katikati. Hospitali walisema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, nuru iliyoenda haitarudi. Karibu na kustaafu kwake tuliweka darubini kwa mara ya mwisho akiwa nasi. Nyota nilikuwa nimeiweka katikati ya kioo. Aliinama, akakaa pale.

"Mmeondoa kifuniko?" akauliza.

Hatimaye binti mmoja akasema, "Tumeondoa, Mwalimu."

Aliendelea kuinama. "Basi niambieni rangi yake."

"Chungwa, Mwalimu," wakasema, wote pamoja, kama kwenye ibada.

Alirudi Ikinga na mkewe, Mama Tuma, kulima alichoweza. Mimi nikabaki na funguo. Kila kiangazi kilipoisha nilimpigia simu.

"Vipi, mgeni?"

"Mawingu, Mwalimu."

"Haya. Yeye hana haraka."

Mwaka mwingine, "Vipi, mgeni?" na mimi, "Jumamosi, Mwalimu," akaguna, akijua Baraka hawezi kulaumiwa. Hakuwahi kuniambia nimpatie Nzi mzima. Angeniambia, ingekuwa nafuu. Mtu asiyekudai ndiye unayemwaza barabarani.

Kiangazi changu cha mwisho kikafika. Nilijua kabla ya mvua za mwaka unaofuata nitakuwa nimekabidhi funguo. Mwalimu Jofrey alikuwa ameshakuja, kijana mwenye kompyuta yake mwenyewe na maneno mengi. Mwanzoni aliniambia mambo haya sasa hivi mtu anayapakua tu mtandaoni, yameshapimwa. Nikamweleza habari za mtoto anayeanza kutembea. Akasema hana mtoto. Nikamwambia basi ashike hapa, ukiachia itaturukia usoni, nikampa upande mmoja wa darubini.

Pito lililobaki, zuri kuliko yote ya kiangazi kile, lilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeshakata tamaa, lakini mchana Baraka, ambaye sasa ana kitambi na wasaidizi, akapanda kilima mwenyewe na kamera shingoni.

"Harusi imeahirishwa," akasema. "Bwana harusi ni dereva. Amekwama foleni na mzigo wa shaba, upande wa pili."

Foleni ya mpaka imetukosesha vingi hapa mjini. Naiandikia shukrani hii moja.

Saa tuliyotumia ilikuwa ya ukutani, ya ofisi ya mkuu wa shule, ambayo haijui mnara wowote. Tuliitundika kwenye nguzo ya goli. Jofrey aliangalia ile saa, akaangalia simu yake, akasema, "Madam, nimezaliwa hapahapa Tunduma. Unadhani nitadanganywa na mnara?" Nikamwambia waliodanganywa kabla yake walikuwa na akili pia.

Na jioni yenyewe? Hakuna kilichotokea. Hilo mlijue ninyi mnaokuja. Nyota ilikuwa palepale, tone la maziwa kwenye kioo cha kamera, haikutikisika, haikufifia kwa jicho la mtu yeyote. Malori yalinguruma chini. Wanafunzi walisinzia. Katikati ya kazi kiwingu kidogo kilipita, tukaendelea kupiga, kikaondoka. Huko juu dunia kubwa kuliko zote unazoweza kuziwaza ilikuwa inakatiza mbele ya jua lake, na sisi tulikuwa tunakula karanga.

Jumatatu, Jofrey alikaa na picha zile ofisini tangu asubuhi. Nilikuwa nasahihisha. Nilimsikia anaongea peke yake, kama kawaida, kisha nikasikia ameacha. Ukimya wa Jofrey ni jambo la kuinua kichwa.

"Madam," akasema. "Huyu hapa."

Mstari ulikuwa juu, umetulia. Ukashuka. Ukakaa chini, umebonyea taratibu kama sahani ya udongo. Ukapanda. Ukatulia tena juu. Jirani alikuwa amenyooka mwanzo hadi mwisho. Pale katikati palikuwa na pengo dogo, la wingu. Jofrey akasema anaweza kuliunganisha kwa programu, halitaonekana. Nikamwambia aache wazi.

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya maabara pasipo na mtu. Nilifikiri nitafurahi. Nilichokihisi kilikuwa kama njaa. Nilikuwa nimeshika kitu ambacho mwenyewe, kule Ikinga, hawezi kukiona. Kumsomea tarakimu kwenye simu ningeweza, na angeshukuru, lakini yule ni mtu aliyepiga magoti akaangalia rimu mpaka iliposimama.

Mwisho wa juma nilikwenda nyumbani Isansa. Mdogo wangu alikuwa ameanika kahawa, nami nikakaa kwenye kichanja kumsaidia kuchambua. Kazi ile naijua tangu utotoni: hutazami, unaongea na mwenzako, vidole vyenyewe vinakwambia hii nzima, hii imepasuka, hii imeliwa na mdudu. Nilikuwa namweleza mdogo wangu habari za harusi iliyoahirishwa, na vidole vikiendelea, nikasimama katikati ya sentensi. Nikaomba kipande cha plaiwudi.

Kila kipimo tulikipa punje moja ya kahawa. Jofrey alichora, mimi nikagundisha kwa gundi ya mbao, juu mstari wa Chungwa, chini yake mstari wa jirani. Pale pa wingu hatukuweka kitu. Nikaufunga ubao kwa khanga, nikapanda gari mpaka Itumba, kisha pikipiki, nimeukumbatia kama mtoto mchanga. Dereva aliniuliza kama ni picha ya marehemu.

Mama Tuma alinipokea uani. Alifungua khanga, akauangalia ule ubao.

"Mwalimu," akamwita mumewe, "Madam Nzunda amekuletea kahawa. Ila ameigundisha, hainywiki."

Alikuwa amekaa kibarazani juani, amekonda, koti lilelile. Macho yalikuwa wazi na hayakuja kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vipi, mgeni?"

Nilikuwa nimejiandaa na maneno njia nzima. Nikasema tu, "Amekuja."

Hakusogea. "Saa mlitumia ipi?"

"Ya ukutani. Ya kwetu."

"Jirani mlimpima?"

"Yuko hapo chini yake. Amenyooka."

Nilimwekea ubao magotini, nikachukua kidole chake cha shahada na kukiweka kwenye punje ya kwanza upande wa kushoto. Lakini kwanza alishuka kwa jirani. Alimpitia mzima, mwanzo hadi mwisho, polepole. Ndivyo alivyotufundisha: usimwamini mtu kabla hujamuuliza jirani yake. Kisha akarudi juu.

Kidole kilitembea mahali tambarare. Kikaenda. Mama Tuma alikuwa amesimama na chungu mkononi, hakwenda jikoni. Kidole kikaanza kushuka, kikasimama, kikarudi nyuma punje chache, kikashuka tena.

"Ameingia," akasema.

"Ameingia, Mwalimu."

Kikaenda chini. Kikafika penye pengo, kikapapasa mbao tupu.

"Hapa imedondoka njiani?"

"Hapana. Ni wingu. Hatukuona."

Akatikisa kichwa kukubali, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona alipokuwa kazini. Kikavuka. Kikapanda. Kikafika juu upande wa kulia, kikaenda tambarare mpaka ukingo wa ubao, kikaning'inia hewani.

"Ametoka," nikasema mimi, maana yeye hakusema.

Kuku walikuwa wanaparura chini ya ngazi. "Mwanga ule," akasema baadaye, "si unachukua miaka sitini na zaidi kufika?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi alipita mimi nikiwa mdogo. Nachunga ng'ombe wa baba, hapo juu." Akanyoosha mkono kuelekea mlima, sawasawa kabisa ulipo. "Macho yangu mazima. Kilichochelewa ni habari tu."

Mama Tuma alijifuta uso kwa pembe ya khanga, akasema moshi wa jikoni, na jikoni kulikuwa mbali.

Nilitaka kumwambia kuhusu Jofrey, kuhusu bwana harusi wa shaba, kuhusu funguo ambazo nitazikabidhi. Lakini kidole chake kilikuwa kimesharudi mwanzo. Kilitembea pale tambarare, kikashuka, safari hii bila kusita, mpaka kwenye punje ya chini kabisa, kikatulia hapo. Nilisubiri kiende. Hakikwenda. Chai ikaletwa, ikawekwa kwenye kigoda, ikaanza kupoa. Nikanyoosha mkono kumwondolea ubao magotini ili anywe.

"Mwache kidogo," akasema. "Ndiyo kwanza amefika."